Kubaini Chanzo cha Kuanguka kwa Seva kwa Uhaba wa Kumbukumbu katika Linux: Mfano wa Hifadhidata ya PostgreSQL

Ikisiri

Programu ya seva inapoanguka ghafla kwa uhaba wa kumbukumbu, lawama huangukia mchakato uliouawa, na tiba ya kwanza huwa ni kuongeza RAM. Makala haya yanaonyesha kwamba mchakato uliouawa, mchakato ulioomba kumbukumbu mara ya mwisho na mchakato uliosababisha uhaba vinaweza kuwa vitu vitatu tofauti. Kwa kutumia mfano wa hifadhidata ya PostgreSQL inayoendeshwa katika Linux, makala yanafafanua jinsi kiini cha mfumo endeshi kinavyoahidi kumbukumbu, jinsi kinavyochagua mchakato wa kuua, na namna ya kusoma ushahidi unaobaki. Hoja kuu ni kwamba utambuzi wa chanzo haukamiliki kwa kumtaja aliyekufa. Hukamilika pale maelezo yaliyotolewa yanapoweza kutabiri tukio lijalo.

1.0 Utangulizi

Kwa msimamizi wa mfumo, tatizo hili huanza kwa malalamiko. Watumiaji wote wa mfumo mmoja hutolewa kwa wakati mmoja. Baada ya muda mfupi huweza kuingia tena, na kila kitu huonekana kuwa salama. Hata hivyo, miamala iliyokuwa haijathibitishwa imepotea. Aliyekuwa katikati ya kuingiza orodha ya malipo hulazimika kuianza upya, na programu iliyokuwa ikituma data haina hakika ni sehemu gani iliyopokelewa. Tukio likijirudia, RAM huongezwa. Likijirudia tena, programu yenyewe hutuhumiwa kuwa mbovu.

PostgreSQL imeteuliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, kila muunganisho wa mtumiaji huhudumiwa na mchakato wake, hivyo matumizi ya kumbukumbu hukua kwa idadi ya watumiaji na pia kwa uzito wa kazi ya kila mmoja. Pili, michakato hiyo yote hutumia kwa pamoja eneo moja la kumbukumbu. Mmoja wao anapouawa bila kupewa nafasi ya kuweka mambo sawa, mchakato mkuu hauwezi tena kuliamini eneo hilo. Huisimamisha michakato yote mingine, huliandaa eneo upya, kisha huirejesha hifadhidata kwa kusoma faili za WAL, ambazo huandikwa kabla ya data yenyewe. Miamala iliyothibitishwa hubaki salama, lakini ile iliyokuwa wazi hupotea. Kwa hiyo, kifo cha mchakato mmoja humgusa kila aliyeunganishwa, hata asiyehusika na uhaba.

2.0 Utoaji wa kumbukumbu katika Linux

Wahenga walisema ahadi ni deni. Usemi huo unaeleza vyema tabia ya Linux. Mchakato unapoomba kumbukumbu, kiini kwa kawaida hakiupi RAM. Huupa anwani za kumbukumbu pepe, yaani haki ya kutumia. RAM hutolewa baadaye, ukurasa mmoja baada ya mwingine, pale mchakato unapougusa ukurasa kwa mara ya kwanza. Katika mashine nyingi za seva ukurasa huo una baiti 4096. Vivyo hivyo, mchakato unapojigawa na kuzaa mwingine, kurasa za mzazi hazinakiliwi papo hapo. Wote wawili huzisoma zilezile, na nakala hufanywa tu mmoja wao anapoandika.

Utaratibu huu una manufaa. Programu nyingi huomba zaidi ya zinavyotumia, na kuzitengea zote RAM kamili kungekuwa ubadhirifu. Gharama yake ni kwamba jumla ya ahadi inaweza kuzidi mali iliyopo. Wadai wakija pamoja, kiini hakina njia ya kurudisha jibu la kukataa, kwa sababu ombi lilikwishakubaliwa zamani. Kinachoendelea sasa ni uandishi wa kawaida katika anwani ambayo mchakato unaamini ni yake. Kiini hujaribu kwanza kuzitoa kurasa za faili zilizowekwa akiba, kisha kuzihamishia kurasa nyingine kwenye swapu, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo. Njia hizo zikishindikana, hubaki kumnyang'anya mtu.

Sera ya ahadi huongozwa na kigezo vm.overcommit_memory, chenye thamani tatu. Thamani 0, ambayo ndiyo ya kawaida, hukataa tu maombi yaliyopita kiasi waziwazi. Thamani 1 hukubali kila ombi. Thamani 2 huweka ukomo: jumla ya ahadi haiwezi kupita ukubwa wa swapu ukijumlishwa na asilimia fulani ya RAM, na asilimia hiyo ni 50 isipobadilishwa. Si mifumo yote ya jamii ya Unix iliyofuata njia ya Linux. Solaris, kwa mfano, huhifadhi nafasi kwa kila ahadi inayotolewa, hivyo uhaba hujitokeza wakati wa kuomba, na programu hupata fursa ya kuushughulikia.

3.0 Aina za uhaba

Kosa la kwanza katika uchunguzi ni kuita kila tukio kwa jina moja. Ziko aina tatu, na kila moja huacha alama zake.

Aina ya kwanza ni uhaba wa mashine nzima. RAM na swapu vimekwisha, na kiini kinaua mchakato kwa ishara namba 9. Ishara hiyo haiwezi kuzuiwa wala kushughulikiwa na programu, na ndiyo sababu programu iliyouawa haiachi neno la kuaga. Ganda la amri huripoti hali ya kutoka ya 137, yaani 128 kujumlisha 9. Katika PostgreSQL, anayeripoti kifo ni mchakato mkuu, unaoandika kwamba mtoto wake amekatishwa kwa ishara namba 9.

Aina ya pili ni uhaba ndani ya kikundi cha udhibiti, ambacho katika Linux huitwa cgroup na ndicho msingi wa ukomo wa makontena. Hapa mashine inaweza kuwa na RAM tele, lakini kikundi kimefikia ukomo kilichowekewa. Ishara ni ileile na namba ya kutoka ni ileile. Tofauti imo katika ujumbe wa kiini, unaotaja kikundi badala ya mashine. Katika toleo la pili la cgroup, faili ya memory.events hutunza hesabu ya vifo hivyo katika mstari wa oom_kill.

Aina ya tatu ni ile ambayo programu yenyewe hukataliwa kumbukumbu, au hujikataza, ikiwa hai. Programu ya Java inayofikia ukomo wa lundo lake hutoa kosa la OutOfMemoryError hata kama mashine ina nafasi. PostgreSQL inayokataliwa ombi na kiini hukatisha ulizo lililohusika kwa kosa lenye namba 53200, huandika katika rekodi zake mgawanyo wa kumbukumbu ya mchakato huo, na kuendelea kuwahudumia wengine. Kinyume na matarajio ya wengi, aina hii ndiyo yenye heri zaidi: hasara humpata mwenye deni peke yake, na ushahidi hubaki.

Isitoshe, si kila ishara namba 9 hutoka kwa kiini. Msimamizi au hati ya kiotomatiki inaweza kuituma vilevile. Pasipokuwa na ujumbe wa kiini wa saa hiyohiyo, dai la uhaba wa kumbukumbu hubaki dhana.

4.0 Usomaji wa ushahidi

Ujumbe wa kiini hupatikana kwa amri ya dmesg au journalctl -k. Hifadhi inayosomwa na dmesg ni ya mviringo: ujumbe mpya hufuta wa zamani, na yote hutoweka mashine inapowashwa upya. Shajara ya mfumo ikihifadhiwa kwenye diski, amri ya journalctl -k -b -1 huonyesha yaliyotokea kabla ya kuwashwa kwa mwisho. Msimamizi anayewasha mashine upya kabla ya kuhakikisha kwamba shajara inatunzwa hufuta ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Ripoti ya kiini ina sehemu tatu zinazopaswa kusomwa kwa kutenganishwa. Mstari wa kwanza, wenye maneno "invoked oom-killer", hutaja mchakato ulioomba ukurasa pale kumbukumbu ilipokwisha. Mchakato huo ndio uliogonga mlango wakati ghala limekauka. Unaweza kuwa programu ndogo ya kupanga saa, isiyo na hatia yoyote. Mstari wa mwisho, wenye maneno "Killed process", humtaja aliyeuawa. Katikati kuna jedwali la michakato yote iliyokuwa hai, na aghalabu ndilo lenye thamani kubwa kuliko mistari hiyo miwili.

Aliyeuawa huchaguliwa kwa alama. Kiini hujumlisha kurasa za mchakato zilizo katika RAM, zilizo katika swapu na zile za majedwali ya anwani zake, kisha huongeza au kupunguza kulingana na thamani ya oom_score_adj, iliyo kati ya -1000 na 1000. Mwenye alama za juu ndiye anayeuawa, na mwenye -1000 haguswi. Kipimo hiki kilianza katika toleo la 2.6.36 la mwaka 2010. Ikumbukwe kwamba hakipimi kasi ya ukuaji, wala hakiulizi nani aliyeongeza matumizi dakika iliyopita. Hupima ukubwa wa wakati huo pekee. Seva kubwa ya hifadhidata iliyotulia kwa mwezi mzima inaweza kuuawa kwa sababu ya hati mbovu iliyoanza dakika 5 zilizopita, iwapo hati hiyo bado ni ndogo kuliko hifadhidata.

Katika kulisoma jedwali, mitego miwili hujirudia. Wa kwanza ni kipimo. Safu ya rss huhesabu kurasa, si kilobaiti. Mchakato ulioandikiwa 131072 unatumia MB 512 kwa kurasa za KB 4. Anayedhani namba hiyo ni kilobaiti huuona ni wa MB 128 na kuupita. Mtego wa pili ni kuhesabu kitu kimoja mara nyingi. Kila mchakato wa PostgreSQL huhesabiwa kurasa za eneo la pamoja ulizozigusa. Michakato 80 ikiwa imegusa GB 3 za eneo hilo kila mmoja, jumla ya safu hutoa GB 240 katika mashine ambayo huenda ina GB 16 tu. Mstari wa aliyeuawa hutenganisha kumbukumbu ya binafsi, inayoitwa anon-rss, na ile ya pamoja, inayoitwa shmem-rss. Kwa mchakato ulio hai, thamani ya Pss katika faili ya smaps_rollup hugawa kila ukurasa kwa idadi ya wanaoutumia, hivyo jumla yake huwa ya kweli.

Utenganisho huo una maana ya moja kwa moja kwa hukumu. Muunganisho wa muda mrefu uliogusa sehemu kubwa ya eneo la pamoja unaweza kuwa na alama za juu ilhali kumbukumbu yake ya binafsi ni ndogo. Kuuawa kwake pekee hakurudishi kurasa za pamoja, kwa kuwa wengine wangali wakizitumia. Kuhitimisha kwamba ulizo lake ndilo lililoleta uhaba ni kumhukumu marehemu kwa mali ya ukoo.

5.0 Kutoka kwa aliyekufa hadi kwenye chanzo

Ripoti ya kiini ni picha ya dakika moja. Chanzo ni jambo la muda. Kwa hiyo hatua inayofuata ni kutafuta umbo la ukuaji. Kipimo cha kufuatilia ni MemAvailable katika /proc/meminfo, kilichoongezwa katika toleo la 3.14 la mwaka 2014. MemFree peke yake hupotosha, kwa kuwa Linux hutumia RAM iliyo wazi kuweka akiba ya faili zinazoweza kutolewa wakati wowote. Eneo la pamoja la PostgreSQL, kwa upande wake, huonekana katika hesabu ya akiba ingawa haliwezi kutolewa hivihivi.

Maumbo manne hukutwa mara kwa mara. Mpando wa taratibu usioshuka hata kazi inapopungua huashiria mvujo. Mruko wa ghafla huashiria ombi moja kubwa. Ngazi zinazopanda pamoja na idadi ya miunganisho huashiria ukomo uliowekwa bila hesabu. Vilele vya saa zilezile kila siku huelekeza kwenye kazi iliyopangwa, kama vile kuchukua nakala ya akiba usiku. Chombo cha sar aghalabu hupangwa kuchukua kipimo kila baada ya dakika 10, hivyo mruko wa sekunde 40 unaweza kupita bila kuonekana. Pale panaposhukiwa mruko, vipimo vichukuliwe kwa sekunde.

Umbo la ngazi linastahili mfano wa kukokotoa, kwa kuwa ndilo linalofichwa na mipangilio ya PostgreSQL. Kigezo cha work_mem huwa MB 4 kisipobadilishwa. Wengi hukisoma kama ukomo wa mchakato au wa ulizo, ilhali ni ukomo wa kila tendo la kupanga au kulinganisha data ndani ya ulizo. Tangu toleo la 15, matendo yanayotumia majedwali ya heshi huruhusiwa mara mbili ya kiasi hicho. Chukuliwe mashine ya GB 16, eneo la pamoja la GB 4, work_mem iliyopandishwa hadi MB 64 ili kuharakisha ripoti, na ulizo lenye matendo matatu ya kupanga. Kila ulizo linaweza kuchukua MB 192. Miunganisho 20 ikiliendesha pamoja huchukua MB 3840, na mashine hutulia. Miunganisho 80 huchukua GB 15. Ukijumlisha eneo la pamoja, mahitaji hufikia GB 19. Kwa MB 4 za awali, miunganisho hiyohiyo 80 ingehitaji MB 960 tu.

Katika mfano huu hakuna mvujo, hakuna ulizo bovu, na mchakato wowote utakaouawa hautatofautiana na wenzake 79. Chanzo ni zao la namba tatu zilizowekwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti: aliyepandisha work_mem, aliyeruhusu miunganisho mingi, na aliyeandika ripoti inayoombwa na wote mwisho wa mwezi. Anayemtafuta mkosaji katika jedwali la kiini hatampata.

Dhana yoyote iliyopatikana hivi sharti ijaribiwe. Katika mashine ya majaribio, idadi ya miunganisho iongezwe hatua kwa hatua huku kumbukumbu ya binafsi ya kila mchakato ikipimwa. Tangu toleo la 14, kazi ya pg_log_backend_memory_contexts humwezesha msimamizi kuuagiza mchakato ulio hai uandike mgawanyo wa kumbukumbu yake bila kusimamishwa. Kumbukumbu ikikua kwa kiasi kilichokokotolewa, dhana imesimama. Isipokua hivyo, uchunguzi urudi nyuma.

6.0 Tiba na mipaka yake

Kila tiba hujibu swali lake, na kuichanganya na nyingine huzaa utulivu wa muda. Kuongeza RAM hufaa pale mahitaji yenye ukomo yanapozidi mashine. Kwa mvujo, huahirisha tu siku. Kuongeza swapu hutoa nafasi ya kupumua, lakini kurasa zinazohitajika zikianza kwenda na kurudi, mashine huwa hai kwa jina na mfu kwa huduma. Safu za si na so katika amri ya vmstat hufichua hali hiyo. Faili ya /proc/pressure/memory, iliyoanza katika toleo la 4.20, huonyesha sehemu ya muda ambayo kazi zimekwama zikisubiri kumbukumbu.

Kuipa PostgreSQL kinga kamili kwa -1000 huelekeza upanga kwa wengine, na iwapo yenyewe ndiyo yenye deni, wasio na hatia wataisha mmoja baada ya mwingine. Lililo bora ni kuukinga mchakato mkuu pekee na kuwaacha watoto wake katika hali ya kawaida. PostgreSQL imewekewa njia ya kufanya hivyo kwa vigeu vya mazingira PG_OOM_ADJUST_FILE na PG_OOM_ADJUST_VALUE.

Nyaraka za PostgreSQL hushauri thamani 2 ya vm.overcommit_memory, kwa sababu hubadili kifo cha wote kuwa kosa la mmoja. Ushauri huo nao una masharti. Katika mashine ya GB 16 yenye swapu ya GB 2, ukomo wa ahadi kwa asilimia 50 ni GB 10. Maombi yataanza kukataliwa huku RAM ikiwa bado wazi, mpaka asilimia irekebishwe. Aidha, nyaraka za Redis hushauri thamani 1, kwa kuwa programu hiyo hujigawa ili kuandika nakala yake kwenye diski, na mgawanyo huo huhitaji ahadi kubwa isiyotumika yote. Programu hizo mbili zikiwekwa katika mashine moja, hakuna thamani inayotimiza ushauri wa zote mbili. Hilo si hitilafu ya yeyote kati yao. Ni sababu ya kuzitenganisha, au ya kuamua waziwazi ni hatari ipi itakayobebwa.

Kwa mfano wa sehemu iliyotangulia, tiba inayolingana na chanzo ni kuirudisha work_mem chini kwa wote na kuipandisha kwa mtumiaji wa ripoti pekee, pamoja na kuweka kati ya programu na hifadhidata chombo cha kugawana miunganisho, kama vile PgBouncer. Ukomo hapo huwekwa mahali deni linapozaliwa.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba ujumbe wa kiini kuhusu kifo cha mchakato ni mwanzo wa uchunguzi, wala si hukumu. Mchunguzi hana budi kuthibitisha kwanza kwamba kiini ndicho kilichoua, kisha kubaini ni ukomo upi uliofikiwa, wa mashine, wa kikundi au wa programu. Halafu kutenganisha kumbukumbu ya binafsi na ya pamoja. Na mwisho kufuata ukuaji kwa wakati. Imebainika pia kwamba uhaba unaweza kutokea bila mkosaji, pale maamuzi kadhaa yenye mantiki, kila moja peke yake, yanapojumlishwa bila mtu kuyajumlisha.

Kipimo cha maelezo yaliyotolewa ni uwezo wake wa kutabiri. Anayesema kwamba seva itaanguka miunganisho inayoendesha ripoti ikizidi idadi fulani, na kuonyesha hivyo katika mashine ya majaribio, amekipata chanzo. Anayesema tu kwamba RAM haikutosha ameyarudia maneno ya kiini kwa lugha nyingine, na mwisho wa mwezi ujao watumiaji walewale watatolewa tena katikati ya kazi yao.